Korosho za Mgeni

Mama alisema. Nianze na hilo, maana ndilo nililolikana kwa muda mrefu kuliko jambo jingine lolote, na nimekana mengi, ukiwamo umri wangu. Mama yangu, mbanguaji wa korosho wa Chuno, Mtwara, alimwambia mtaalamu wa mashine, kwa Kiswahili kinachoeleweka, kitu kimoja tu alichohitaji kukijua. Aliyekaa kati yao, mwenye kazi ya kulipokea neno kutoka kinywa kimoja na kulifikisha kwenye sikio la pili, nilikuwa mimi. Neno halikufika.

Wasomaji wangu wa siku zote watashangaa, kwa sababu habari ya kiwanda kile cha korosho cha kwetu nimekwisha kuiandika. Nimeiandika mara tatu, kila mara ndani ya insha juu ya hadithi za kubuni za kisayansi na jinsi zinavyotuonya kuhusu hatari za mashine. Katika zote tatu nilieleza kwamba wageni walikuja na vipimo vyao, hawakumuuliza mtu, wakatuundia mashine isiyoijua korosho. Msomaji mmoja aliniandikia barua kuusifu ujasiri wangu. Barua hiyo ninayo, nimeihifadhi pamoja na vyeti. Kasoro ya insha zile ni moja tu: wageni waliuliza.

Hadithi za mashine zilinifikia mapema. Nilikuwa msichana wa sekondari ya bweni, miaka ya sitini, na mwalimu wetu wa fizikia, mgeni, alipomaliza mkataba wake aliacha sanduku la vitabu vyembamba vya Kiingereza. Mwalimu mkuu alivifungua viwili, akaona roketi na watu wenye macho matatu, akaamua havina mafunzo. Mimi ndiye niliyekuwa kiranja wa maktaba, kwa hiyo mimi ndiye niliyeambiwa nikavitupe. Nilivitupa ndani ya sanduku langu la nguo.

Nilivisoma kwa kamusi, neno kwa neno. Nilijua namna ya kukitua chombo kwenye mwezi wa sayari ya mbali kabla sijajua swichi ya taa ya umeme inabonyezwa juu au chini. Kwetu Chuno tulikuwa na kibatari. Nadhani hiyo ndiyo sababu hadithi zile zilinitisha kwa raha: niliogopa vitu ambavyo havikuwa na njia ya kunifikia. Kulikuwa na mashine iliyokabidhiwa hali ya hewa ya kisiwa, nayo ikauzuia upepo kwa sababu upepo ulikuwa unaichafulia vioo. Kulikuwa na daktari wa chuma aliyepewa orodha ya magonjwa yote yanayojulikana. Aliyekuja na ugonjwa usiomo kwenye orodha aliandikiwa kwamba ni mzima, akarudishwa nyumbani akafia huko, na chuma kikaandika kwamba amekufa akiwa mzima.

Nilipokwisha kuvisoma vyote nikaanza kuona kwamba ni kitabu kimoja. Mashine ilikuwa nyingine, sayari nyingine, lakini katika sura ya kwanza alikuwamo mtu yule yule. Mara ni karani, mara msaidizi wa mtaalamu, mara mlinzi wa zamu. Anaiona kasoro. Anafungua kinywa aseme, kisha anafikiria cheo chake, au mkuu wake anaingia, au anaona haya, na anafunga kinywa. Kurasa mia mbili baadaye mji unateketea. Nilimchukia mtu huyo kuliko nilivyozichukia mashine. Kwenye ukingo wa ukurasa mmoja niliandika kwa penseli: Mjinga, sema.

Wakati wa likizo nilirudi Chuno na hadithi zangu. Uani kwetu ndiko walikokutana wanawake wa kubangua, watano au sita, na mama yangu katikati yao. Baba alifariki nikiwa mdogo, na mama alinisomesha kwa kazi hiyo. Kila mmoja alikuwa na jiwe lake na kigongo chake. Korosho zilikaangwa kwenye bati lililotobolewa matundu mpaka zikashika moto, zikamwagiwa mchanga, kisha wanawake wakajipaka majivu mikononi na kuanza kugonga. Majivu hayakusaidia sana. Mafuta ya ganda la korosho huunguza, na mama alikuwa ameyashika tangu hajavunja ungo. Vidole vyake vilikuwa vyeusi, na ncha zake laini kama kokoto ya pwani, hazina mstari hata mmoja.

Lakini mikono hiyo ilikuwa na ufundi uliojulikana mpaka Mikindani. Aliishika korosho, akaigeuza mgongo juu, akaigonga mara moja, na kiini kikatoka kizima. Wengine waligonga mara mbili tatu, na katika kila kumi walivunja nne. Mama alivunja moja, na hiyo moja aliivunja, walivyosema, ili mwanawe apate cha kula. Vipande vilikuwa fungu langu. Nilikinga kiganja, akanimiminia, nikala bila kuomba wala kushukuru, kama anavyokula mtoto wa nyumbani.

Katika wanawake wale alikuwamo jirani yetu, mama mtu mzima aliyevuka Ruvuma na watoto wake kukimbia vita vya Wareno. Alikuwa na nembo za chale usoni na ndonya, kile kijiti cha urembo, mdomoni, na ulimi uliokuwa mkali kuliko vyote viwili. Yeye ndiye aliyependa sana hadithi zangu, na ndiye aliyeziharibu. Nilipowasimulia habari ya mashine iliyouzuia upepo aliuliza kama mashine hiyo ina mkwe, maana ni mtu asiye na mkwe tu ndiye anayeweza kuwa na kiburi cha namna hiyo. Nilipowasimulia habari ya daktari wa chuma, wote waliacha kugonga. Nikadhani nimewatisha, nikafurahi.

"Orodha hiyo aliiandika nani?" mama akauliza.

Nikamwambia kitabu hakikusema. Wataalamu.

"Basi kwa nini mnakilaumu chuma?" akasema. "Chuma kimefanya kilichoambiwa. Mtafuteni aliyesahau kusema."

Jirani akasema aliyesahau hatafutwi, yumo ndani ya kitabu amejificha nyuma ya mashine. Wakacheka, wakaendelea kugonga. Mimi nilikasirika kidogo. Niliona wanaipunguza hadithi yangu.

Nilikwenda chuo kikuu Dar es Salaam, na mwanzoni mwa miaka ya sabini nilirudi kwa likizo ndefu nikiwa mtu mwingine kabisa, kwa maoni yangu. Nilikuwa na miwani ambayo sikuihitaji sana na maoni juu ya kila kitu. Mji wote ulikuwa unazungumzia kiwanda. Korosho zetu zilikuwa zinasafirishwa na maganda yake kwenda kubanguliwa ng'ambo, ng'ambo wakapata utamu nasi tukabaki na moshi. Sasa tutazibangua wenyewe, kwa mashine. Nilikubaliana na jambo hilo kwa moyo wote. Hata leo nakubaliana nalo. Wenye mradi walikuwa wanamtafuta mtu wa kumtafsiria mtaalamu aliyeletwa kuitazama korosho ya huku kabla mashine haijaundwa kwao, na mimi nikapata kazi hiyo. Mtaalamu akasema anataka kumwona mbanguaji wa mkono aliye bora kuliko wote. Ofisi nzima ikanigeukia mimi.

Nilimpelekea mama habari siku tatu kabla. Naweza kusema nilimwandaa. Nilimwambia asiogope, mtu huyu ni mtu wa sayansi, anataka kutazama tu. Mama hakuogopa. Aliuliza mgeni anakula nini. Kesho yake alfajiri alikwenda Ziwani.

Ziwani tulikuwa na shamba la ukoo, mihogo na mikorosho, na katika mikorosho hiyo ulikuwapo mmoja wa bibi yangu uliozaa korosho kubwa, nene, zinazolingana kama zimepimwa. Korosho za mti huo haziuzwi. Ziliwekwa kwenye kapu lake, juu, na zilishuka kwa ajili ya mgeni: mkwe akija, shehe akija kusoma dua, mtu akitoka safari ya mbali. Mgeni hapewi ndogo wala zilizokunjamana. Nyumba inayomtolea mgeni za kwenye gunia ni nyumba inayomwambia aondoke. Hili hatukufundishwa, tulilijua kama tunavyojua kwamba mtu hakanyagi mkeka na viatu.

Mama alirudi na kapu zima, na siku nzima iliyofuata alizichagua tena hata zilizokwisha kuchaguliwa. Aliziokota moja moja, akazipima kwa kiganja, akazitikisa sikioni. Ilikuwa kazi ya heshima, naye aliifanya akiimba. Nilimpita nikiwa na daftari langu la maneno magumu ya Kiingereza, nikamwona, na sikufikiri chochote. Nilikuwa natafuta namna ya kusema ganda.

Mtaalamu alikuja asubuhi. Alikuwa mtu mpole mwenye mikono ya kazi. Nasikitika kusema hivyo, kwa sababu katika insha zangu nilimfanya mwenye majivuno. Aliketishwa kwenye kiti tulichokiazima, akanywa chai, akasifu chai. Kisha akatoa kifaa cha chuma chenye taya mbili cha kupimia unene, na saa ya kubonyeza, na daftari. Mama akaanza kubangua. Hakubangua kama siku zote. Alibangua taratibu, kwa madaha, kama mtu anayemmiminia mgeni maji ya kunawa, maana kufanya kazi kwa haraka mbele ya mgeni ni kumwonyesha kwamba amekupotezea muda. Wenzake nao wakamfuata. Nilipata kuona uani kwetu siku hiyo kazi nzuri kuliko zote nilizoziona, na ambayo haikuwa kazi yetu.

Mtaalamu alipima korosho moja, mbili, kumi, mia. Kila alipopima aliandika, na uso wake ukazidi kung'aa. Akajaza mfuko mmoja wa kuondoka nao. Mwisho akanigeukia, akaniomba nimuulize mama jambo moja, na alilisema polepole ili nisikosee: je, korosho hizi ndizo za kawaida, ndizo zinazobanguliwa kila siku?

Nikamuuliza mama.

Mama akaweka kigongo chini. "Hapana, mwanangu," akasema. "Mwambie hizi ni za mgeni, za mti wa bibi yako. Za kila siku zimo kwenye gunia kule nyuma, ndogo kwa kubwa, nyingine zimejikunja kama sikio la paka. Nimeona haya kumtolea. Kama anazitaka, mwambie nitamletea, ila asidhani tumemdharau."

Hayo ndiyo maneno yake. Sijasahau hata moja, ingawa nimesema chini ya kiapo kwamba hayakuwapo, nitafika huko.

Nilimtazama mtaalamu. Alikuwa amekaa na kalamu yake, anangoja. Nikaona kwa ghafla tunavyoonekana: wanawake waliochana nywele zao vizuri kwa ajili ya kubangua korosho, ua uliomwagiwa mchanga mpya, mama yangu aliyetumia siku tatu kumdanganya mtu wa sayansi kwa adabu. Niliona haya. Niliwaza jinsi ya kusema za mgeni kwa Kiingereza, na kila njia niliyoijaribu kichwani ilitufanya tuonekane washamba au wezi. Tena jua lilikuwa linapanda, na daftari lake lilikuwa limekwisha kujaa, zuri, limenyooka. Nilifungua kinywa.

"Ndiyo," nikamwambia.

Ndiyo tafsiri fupi kuliko zote nilizowahi kufanya, na tangu hapo nimekula kwa kutafsiri. Mtaalamu akaandika, akapiga mstari chini yake, akafunga daftari.

Alipoondoka, jirani alinigeukia. Akasema ameshangaa: maneno marefu namna ile ya mama yako, kwa Kizungu yanakuwa neno moja?

"Kizungu ni kifupi," mama akamjibu.

"Kumbe ndiyo maana wanapata nafasi ya kuunda mashine," jirani akasema, na uani kote kukawa kicheko.

Mama peke yake hakucheka mpaka mwisho. Aliponiletea chakula aliuliza, bila kunitazama, kama nimemwambia mgeni habari ya gunia.

"Nimemwambia, mama."

"Amesemaje?"

"Amesema haina haja."

Akaridhika. Niliuona mwili wake ukiridhika, mabega yakashuka. Nilirudi Dar es Salaam, nikaandika mtihani wangu, nikafaulu vizuri sana somo la lugha.

Kiwanda kilichukua miaka. Katika muda huo iliamriwa korosho zote ziende maghalani kuisubiri mashine, na ubanguaji wa mkono ukafa taratibu kwa kukosa cha kubangua. Jirani yetu alilijengea jiwe lake kwenye msingi wa jiko. Mama hakulitupa lake, lakini aliajiriwa. Alipewa ovaroli la buluu na cheo: msimamizi wa wanawake wa meza ya kuchambua, mahali ambapo viini hupita baada ya kutoka kwenye mashine. Siku ya kuandikishwa alitakiwa kuweka dole gumba kwenye karatasi, nalo likaacha doa jeusi lisilo na mstari. Karani akamwambia ajaribu kidole kingine. Akajaribu vyote kumi. Aliniandikia habari hiyo kupitia mkono wa mtoto wa shule, akaiona ni ya kuchekesha: kiwanda kimenitambua, karatasi haijanitambua. Alikuwa na furaha. Alikuwa amekaa chini mbele ya jiwe maisha yake yote, na sasa alikuwa anasimama.

Siku ya kwanza mashine ilijaribiwa kwa mfuko ule ule alioondoka nao mtaalamu, uliorudi kutoka kwao umefungwa vizuri. Ilifanya kazi kama ndoto. Korosho ziliingia upande huu, viini vikatoka upande ule vyeupe, vizima, vinalingana. Watu wakapiga makofi. Wiki iliyofuata ikalishwa korosho za ghalani. Zilizokuwa ndogo zilipita kati ya meno yake bila kuguswa, zikafika mezani na maganda yake. Zilizojikunja zilisagwa na mafuta yake yakavilowesha viini vya jirani zake. Meza ya mama ilijaa unga wa kahawia unaounguza. Wanawake walichambua mpaka vidole vikavimba, na mashine haikupunguza mwendo, kwa sababu hakuna aliyeiambia kwamba ipo korosho ya namna nyingine.

Hapa ndipo insha zangu zilipokuwa zinapanda mimbarini. Niliandika kwamba fasihi ya kisayansi ilikwisha kutuonya. Ukweli ni kwamba haikunionya mimi, niliyeisoma sanduku zima. Vitabu vile vilinizoesha kuangalia mashine yenye kiburi, yenye macho mekundu, inayoamua siku moja kwamba binadamu hafai. Sikuandaliwa kwa mashine tiifu. Ile ya kwetu ilikuwa tiifu mno. Iliamini kila neno nililomwambia mtaalamu, na neno lenyewe lilikuwa moja. Ikavunja mavuno ya wilaya kadhaa kwa kuliamini, bila ubaya wowote moyoni.

Wataalamu walijibu kutoka kwao kwamba mashine imeundwa sawasawa na sampuli. Basi sampuli ilikuwa ya uongo. Huku kwetu neno uongo lilikuwa na ndugu yake mkubwa siku hizo, hujuma, na lilikuwa linatafuta mtu wa kukaa naye. Kikaitishwa kikao cha uchunguzi kiwandani: nani alichagua korosho? Mama hakuficha. Alisema alizichagua yeye, siku nzima, na akaeleza kwa nini, na akasema alimwambia mtaalamu. Walioketi kwenye kikao walikuwa watu wa pwani na wa bara, wote wamekulia nyumba zenye kapu la mgeni. Nadhani walimwelewa. Lakini kikao hakikuweza kuandika kapu la mgeni kwenye taarifa. Kilihitaji kujua kama aliyechagua alisema au alinyamaza. Kama alisema, kosa lilikuwa la wengine. Kama alinyamaza, alikuwa amewadanganya wenye mradi kwa makusudi, na angeondoka kiwandani na jina hilo.

Nitatanguliza yaliyofuata, kwa sababu simu niliyopigiwa na kikao hicho naiogopa. Mama aliondoka kiwandani na jina hilo. Hakufungwa, walimwonea huruma, na huruma hiyo ilikuwa na sauti, ilimfuata sokoni. Jiwe lake alilikuta lilipokuwa, ila hapakuwa na korosho za kubangua wala wa kubangua naye. Akahamia Ziwani akalima mihogo. Mashine iliendelea kula na kutapika misimu michache, ikaharibika kitu ambacho spea yake haikupatikana, ikanyamaza. Sasa hivi imeota nyasi mpaka kwenye meno.

Nilikwenda Ziwani kila likizo. Hatukuwahi kulizungumza jambo hilo, hata mara moja, mpaka alipofariki. Hakuninunia. Alinipokea, akaniuliza habari za mjini, akanikalisha. Kisha akainuka, akanyoosha mkono juu, akalishusha kapu la mti wa bibi, akanibangulia. Kiini kimoja kimoja, kizima, kwenye sahani, na sahani juu ya kitambaa. Mara ya kwanza nilikinga kiganja, nikamwomba vipande. Akaniambia hapana, mwanangu, umetoka mbali. Nilikula korosho zile miaka yote aliyobaki nayo. Sijui kama alikusudia kitu. Alikuwa mtu wa adabu.

Sasa simu.

Nilikuwa nimeajiriwa Dar es Salaam, mtafsiri katika ofisi ya serikali, mwezi wa nne kazini. Niliitwa chumbani kwa mkuu wangu kwa sababu simu ilikuwa huko. Yeye hakutoka, aliendelea kutia sahihi barua zake, taratibu kidogo kuliko kawaida. Opereta akatuunganisha na Mtwara. Upande wa pili alikuwa ofisa aliyeendesha kikao, mtu mwenye sauti ya uchovu. Alinijulisha kwamba yanaandikwa, na kwamba nijihesabu niko chini ya kiapo.

"Swali ni moja tu, Ndugu," akasema. "Siku ile mama yako alimwambia mtaalamu kwamba korosho zile ni za kuchagua? Yeye anasema alisema, wewe ukatafsiri. Mtaalamu ameandika kwamba aliuliza akajibiwa ndiyo, ni za kawaida. Mama yako yuko hapa mbele yangu. Anasema tukuulize wewe, utakalosema amelikubali."

Nilikuwa na majibu matatu, na niliyaona yote kwa uwazi, jambo ambalo mtu wa sura ya kwanza hapewi. Ningeweza kusema alisema na mimi nikatafsiri. Lakini mtaalamu alikuwa na daftari lenye mstari chini ya neno. Ningeweza kusema alisema na mimi nikaona haya. Na hapo mhujumu angekuwa mtafsiri, mwezi wake wa nne kazini, mbele ya mkuu wake mwenye kalamu hewani. Mawazo yangu yalikwenda haraka sana na yalikuwa ya busara. Niliwaza kwamba mama ana jiwe lake, mimi sina jiwe. Niliwaza kwamba akiondoka yeye anapoteza ovaroli. 

"Hakusema," nikajibu.

Nikamsikia ofisa akigeuka kwenye kiti chake. "Mama," akasema, mbali kidogo na simu, kwa upole, "binti yako anasema hukusema."

Waya ulivuma. Mkuu wangu aliweka sahihi, akachukua barua nyingine. Kisha nikaisikia sauti ya mama, ndogo kwa umbali, haina hasira, ile ile aliyotumia kumjibu jirani kwamba Kizungu ni kifupi.

"Kama yeye amesema, basi sikusema."

"Asante, Ndugu," ofisa akaniambia. "Hilo ndilo tulilotaka kujua." Akakata.